Fimbo ashike mkono upi? Nyonga ya mama na hesabu ya mzega

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili kabla ya kuandika, maana uliyoyaeleza ndiyo yaliyonikuta na mama yangu mzazi. Umesema mama yako yuko Tandahimba, ana miaka 63, nyonga ya kulia inamuuma mwaka wa pili sasa, na picha ya eksirei imeonyesha gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, limelika. Ameanza kutembea na fimbo, anaishika mkono wa kulia, na bado kila asubuhi anachota maji. Sasa hata kiuno kimeanza kumsumbua. Unauliza kama hiyo fimbo ina faida yoyote, au mumlaze tu apumzike. Kuna mchangiaji hapo juu amekujibu kwamba ashike mkono wowote anaojisikia. Hapana, ndugu yangu. Mkono una maana kubwa.

Mimi ni seremala hapa Mtwara mjini, si daktari. Mama yangu yuko Newala. Nyonga yake ya kushoto ilianza kumuuma msimu mmoja wa korosho, wakati wa kuokota, na akawa anaificha mpaka shangazi yangu akanipigia simu kwamba mama anachechemea. Nilimchongea fimbo ya mpingo, nikaisugua mpaka ikang'aa, nikampelekea mwenyewe. Nikamwambia aishike mkono wa kushoto, upande unaouma, kwa sababu akili yangu ilinituma hivyo: nguzo ikiwa mbovu, unaweka mhimili pembeni yake. Mama alitembea hivyo miezi minne. Akawa anainamia kushoto kila hatua, kiuno kikaanza kumuuma, na mwishowe akaiegemeza fimbo nyuma ya mlango akasema haimsaidii. Alikuwa sahihi. Ilikuwa inamuumiza, na mimi ndiye niliyempa maelekezo mabaya.

Aliyetufungua macho ni dada mmoja wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Alimwambia mama asimame kwa mguu wa kushoto pekee huku ameshika meza kidogo, akanionyesha nyuma: kiuno upande wa kulia, upande wa mguu ulio hewani, kilishuka. Akasema dalili hiyo ilielezwa na daktari wa upasuaji wa Kijerumani, Friedrich Trendelenburg, mwaka 1895, na maana yake ni kwamba msuli wa kando ya nyonga aliyosimamia umechoka. Kisha akaihamisha fimbo mkono wa kulia. Mama akatembea mpaka mlangoni na kurudi, akaniangalia, akasema, "Mwanangu, mbona huku ni kwepesi?"

Nilikaa na swali hilo safari nzima ya kurudi Mtwara. Jibu nililipata nilipokumbuka mzega.

Wewe ni mtu wa huku, mzega unaujua. Sisi wa juu ya uwanda wa Makonde tulikua tukiteremka mabondeni kufuata maji, dada zetu wakibeba kichwani na sisi wavulana tukibeba mti begani, ndoo huku na ndoo huku. Sasa fikiria bega haliko katikati ya mti. Upande mmoja mti ni mrefu mara mbili ya upande wa pili. Ukining'iniza kilo 10 kwenye upande mrefu, upande mfupi lazima uweke kilo 20, la sivyo mti unapinduka. Na bega linabeba ngapi? Halibebi 10, wala 20. Linabeba 30.

Nyonga ni mzega wa namna hiyo. Kila unapopiga hatua kuna muda umesimama kwa mguu mmoja. Bega ndicho kile kichwa cha duara cha mfupa wa paja. Mti ni fupanyonga, ule mfupa mpana wa kiunoni. Kwenye upande mrefu unaning'inia mwili wako wote isipokuwa mguu uliosimamia. Kwenye upande mfupi hakuna ndoo, kuna msuli wa kando ya nyonga unaovuta kuelekea chini ili usipinduke. Msuli haujui kusukuma, unajua kuvuta tu, na umeshikizwa karibu mno na kiungo. Sehemu nyingi za mwili zimeumbwa hivyo: mkono unaponyanyua kitu, msuli wa mbele unaukunja kutokea sentimita chache tu kutoka kwenye kiwiko, kwa hiyo unavuta kwa nguvu mara kadhaa ya uzito ulioushika. Mwitaliano Giovanni Alfonso Borelli, aliyefariki mwaka 1679, aliliona hilo akalifanyia hesabu: misuli hufanya kazi kwa wenzo mfupi, kama ule upande mfupi wa mzega, kwa hiyo mifupa inabeba kuliko tunavyodhani. Faida yake ni mwendo. Msuli ukijikunja kidogo tu, mkono au mguu unafika mbali.

Tuweke namba. Chukua mama wa kilo 60. Akisimama kwa mguu mmoja, uzito ulio juu ya nyonga ni kama kilo 50, tukitoa mguu aliosimamia. Uzito huo uko kama sentimita 10 kutoka katikati ya kiungo. Msuli uko kama sentimita 5. Basi msuli unavuta kilo 100, na kiungo kinabeba 100 na 50, yaani 150. Mara mbili na nusu ya mwili mzima, kila hatua, hajabeba hata kikombe. Na hili si la kwenye karatasi tu. Kule Berlin, timu ya Georg Bergmann iliwawekea wagonjwa nyonga za bandia zenye vipimo ndani yake, na kwa mwendo wa kawaida zilipokea karibu hiyohiyo mara mbili na nusu ya uzito wa mtu. Wagonjwa walipojikwaa, ilipita mara 7. Ndiyo maana mimi nikifika kwa mama, kabla ya kukaa, naangalia kwanza mkeka uliokunjamana na kizingiti.

Sasa fimbo. Mama yako nyonga mbovu ni ya kulia. Akiishika mkono wa kushoto na kuikandamiza kwa kilo 5 tu, ardhi inamrudishia kilo 5 kwenda juu, na mkono huo uko mbali na nyonga ya kulia, tuseme sentimita 40. Ni kama mtu amekuja kuinyanyua kidogo ndoo ya upande mrefu wa mzega, tena kwenye ncha kabisa. Piga hesabu: kazi ya msuli inashuka kutoka kilo 100 hadi 60, na kiungo kinabeba 105 badala ya 150. Kilo 5 za kiganja zimeondoa kilo 45 kwenye gegedu.

Akiishika mkono wa kulia kama anavyofanya sasa, fimbo iko upande uleule wa msuli, sentimita 20 hivi nje ya kiungo. Inainua ule upande ambao msuli unapambana kuushusha. Msuli unalazimika kuvuta 120, kiungo kinafika 165. Zaidi ya angetembea bila fimbo! Njia pekee ya kukwepa ni kuuegemeza mwili wote juu ya nyonga mbovu, aufupishe ule upande mrefu wa mzega. Mwili unaligundua hilo wenyewe bila kufundishwa, na kuchechemea kwa kuinamia upande mmoja kunatoka hapo. Nyonga inapumua, kiuno kinalipa. Nadhani na maumivu mapya ya mama yako yametokea huko, ingawa mpime kiuno pia, usikubali maneno yangu tu.

Hizo namba ni za kumwelewesha mtu. Mwili halisi una misuli mingi na mama hasimami wima kama nguzo. Nafuu ya kweli huwa ndogo kuliko ya kwenye karatasi. Mwelekeo wake haubadiliki.

Kwenye maji ndiko ninakotaka ukae zaidi, kwa sababu fimbo watu husikia, ndoo hakuna anayesema. Ndoo ni fimbo iliyogeuzwa. Fimbo inasukuma juu, ndoo inavuta chini, kwa hiyo upande wake ni kinyume. Kidumu cha kilo 10 mkono wa kushoto, huku nyonga mbovu ni ya kulia, kinaning'inia kwenye ncha ya upande mrefu: kiungo kinabeba kama kilo 240. Kilo 10 hizohizo kichwani: kama 180. Kilo 10 hizohizo mkono wa kulia, upande unaouma: 120, chini ya ile 150 ya kutembea mikono mitupu, maana kidumu kinausaidia msuli kuvuta chini. Mimi nilipoipata hesabu hii niliirudia usiku kucha, nikadhani nimekosea. Nilipomuuliza yule dada wa fiziotherapia akasema ndivyo wanavyofundishwa: fimbo mkono wa pili, mzigo mkono wa upande wa ugonjwa. Watu wengi hufanya kinyume, wanaupumzisha upande mbovu, na wanauumiza kwa huruma.

Usielewe kwamba nasema mama aendelee kuchota maji. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, mpangieni kijana amsaidie. Ila mama zetu hawakubali kukaa bure, na kidumu cha lita 5 atakibeba tu ukiwa hupo. Basi akibebe mkono wa kulia na fimbo iwe kushoto.

Kubeba kichwani kuna sifa yake ya haki. Mwaka 1986 watafiti walipima pumzi za wanawake wa Kijaluo na Kikuyu huko Kenya, wakakuta wanabeba hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu ya ziada kuliko wakitembea mikono mitupu. Ni maarifa makubwa ya mwili, wala si bahati. Lakini hilo ni la pumzi na nguvu ya mwili. Kiungo kilicholika kinaupokea mzigo palepale.

Kuhusu kulala apumzike: siku mbili tatu maumivu yakichachamaa, sawa. Zaidi ya hapo mnamharibia. Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake kinatoka kwenye ute wa kiungo, na ute huo unaingia na kutoka gegedu linapobanwa na kuachiwa, kama sifongo. Mtaani wanasema "ute umekauka", ndipo watu wanaacha kutembea, na kutembea kwa kiasi ndiko kunakolilisha hilo gegedu lililobaki. Mfupa nao vivyo hivyo. Julius Wolff, Mjerumani mwingine, aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujijenga kufuata mzigo unaoubeba, na wanaanga wanaoelea miezi angani bila uzito hurudi na mifupa iliyopungua. Msuli ukilala ndio unaoyeyuka haraka kuliko vyote, na kama huu wa kando ya nyonga umelegea, kila hatua ni kuyumba.

Zoezi alilopewa mama yangu ni jepesi: alale kwa upande mzima, mguu mgonjwa ukiwa juu, aunyanyue taratibu bila kukunja goti, aushushe taratibu, mara 10, apumzike, arudie. Kushusha taratibu ndiko kwenye kazi. Mwanzoni aliweza mara 4. Mama yako aanze baada ya kuonwa na mtaalamu, si kwa kunisoma mimi.

Fimbo yenyewe, hapo naongea kama fundi. Asimame wima amevaa vya kila siku, yaani kandambili au viatu anavyotembelea, mikono ikining'inia. Mshikio ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Akiishika, kiwiko kiwe kimekunjika kidogo. Ile yangu ya kwanza ilikuwa ndefu, bega lilipanda. Tena mpingo ni mti wa kuzama majini, mzito bure kwa mama wa makamo. Nilimchongea nyingine ya mninga, mshikio mpana wa kujaza kiganja, kwa sababu mshikio mwembamba unaumiza mkono naye ataacha kukandamiza. Chini nilivisha mpira wa tairi. Mpira ukilainika na kuwa laini kama sabuni, badilisha, hasa kwa sakafu ya saruji iliyolowa. Fimbo na mguu mgonjwa vitangulie pamoja. Kwenye ngazi, kupanda aanze mguu mzima, kushuka aanze fimbo na mguu mgonjwa.

Unene nao uko kwenye hesabu: kila kilo ya mwili inafika nyongani ikiwa mbili na nusu.

Na kama ameanguka, mguu ukaonekana mfupi na umegeukia nje, hawezi kuukanyaga, huo ni mfupa umevunjika, gari litafutwe saa hiyohiyo. Kijana mwenye selimundu anayelalamika nyonga naye apelekwe mapema, kwa sababu damu inaweza kukatika kwenye kichwa cha mfupa wa paja.

Iliyobaki ni aibu. Mama yangu alikataa fimbo kwanza kwa kusema ni ya wazee. Mwaka 1956 daktari wa mifupa wa Marekani, Walter Blount, aliwaandikia madaktari wenzake kuwasihi wasiwaruhusu wagonjwa waitupe, kwa hiyo hata kule walikuwa wanaionea haya. Mimi nilimsaidia mama kwa kumwonyesha mzega wa kweli uani, mti na ndoo mbili, bega likiwa pembeni. Akaushika, akaupima, akacheka, akachukua fimbo yake kwa mkono wa kulia. Jumamosi iliyopita alitembea nayo hadi sokoni na kurudi.

Mkuu, leo jioni mpigie simu, mwambie ahamishe mkono, atembee uani mara tatu nne. Kisha nipe urefu wake kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, akiwa amevaa kandambili. Nina kipande cha mninga hapa kinatosha.