Wanafunzi 58, insha moja: kazi ya nyumbani ya Kiingereza isiyonakilika

SWALI

Hujambo mwalimu. Nafundisha Kiingereza Kidato cha Tatu katika shule ya kutwa huku Vihiga, wanafunzi 58 darasa moja. Kila Ijumaa nawapa insha wakaandike nyumbani, na kila Jumatatu naletewa insha ile ile: jua linachomoza, ndege wanaimba, mwandishi anaruka kutoka kitandani kama umeme. Wengine wananakili chini ya mti kabla ya kengele. Wale ambao wazazi wao wana simu nzuri siku hizi wanaandikiwa na akili unde. Nataka kazi za kubuni zitakazowachangamsha, lakini nyumbani kwa wengi hakuna kitabu zaidi ya Biblia, na taa inatumiwa kwa zamu. Mwalimu mkuu naye anataka alama za KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, hataki michezo. Nifanyeje?

JIBU

Sijambo, mwalimu. Hao ndege nawafahamu. Hata huku Kisumu wanaimba kila Jumatatu, na niliwahi kuwasikia wakiimba katika insha ya ajali ya basi saa nane usiku.

Usiwalaumu sana watoto. Ukimwambia mwanafunzi aandike juu ya siku asiyoisahau, hakumbuki siku yoyote, anakumbuka aya. Alizikariri tangu shule ya msingi, zikapigiwa makofi, na sasa umeziomba tena. Mimi niliacha kabisa kutoa insha ya nyumbani. Insha inaandikwa darasani, nikiwa nimesimama pale. Nyumbani natuma mtu akaokote kitu: maneno, njia, chakula, hadithi. Arudi nacho kikiwa kwa Kiingereza, na kiwe kifupi. Kilichookotwa njiani na Akinyi hakiwezi kufanana na kilichookotwa na Wafula, na mwenye kunakili anajikuta ana samaki wa mtu mwingine.

Nikueleze ninayoipenda zaidi. Naiita sentensi tatu za njiani. Mwanafunzi anapotoka shuleni hadi kwao, asikilize watu wanavyosema: sokoni, kwenye kisiagi, stejini, mferejini. Achague sentensi tatu alizozisikia kwa masikio yake, ziwe za Kiswahili, Kijaluo, Kiluhya au Sheng, haidhuru. Aziandike kama zilivyosemwa, kisha chini ya kila moja aandike kwa Kiingereza nani alimwambia nani nini. Basi. Hakuna utangulizi wala hitimisho.

Msichana mmoja wangu alipita soko la Kibuye akamsikia muuza samaki akimwambia mteja: “Usinifinye samaki, nunua ama uende.” Akaandika: “She told the man that he don't press her fish, he buy or he go.” Niliiandika ubaoni vile vile, bila jina. Tulikaa nayo kipindi kizima, na sikujuta. Kiswahili kinasema “alimwambia asifinye”, kwa hiyo mtoto akatafuta neno la “kwamba” na kulipachika mbele ya kitenzi. Kiingereza hapo kinataka “told the man not to press”. Mtoto mmoja akauliza kama ni hivyo hivyo kwa “alimwambia aende”. Ndiyo, “told him to go”. Ghafla darasa zima likaanza kukumbuka walivyokuwa wakikosea, na wakaimaliza sentensi wenyewe: “She told the man not to press her fish but to buy it or leave.” Usemi wa taarifa niliokuwa nimeufundisha wiki mbili kwa kitabu uliingia kwa dakika arobaini kupitia samaki aliyefinywa.

Zoezi hilo linatoa pia makosa mengine ambayo huwezi kuyaona katika insha ya kukariri, kwa sababu aya iliyokaririwa haina makosa ya mwenyewe. Utaletewa “borrow me your pen”, kwa kuwa sisi tunaazimana pande zote mbili kwa kitenzi kimoja. Utaletewa “I heard a bad smell”, maana harufu tunaisikia. Utaletewa “although it was raining, but we went”, ile “ingawa” yetu inayopenda kufuatwa na “lakini”. Na utaletewa mama mzazi anayeitwa “he”. Hilo la mwisho linawaudhi walimu wengi, ila fikiria: Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi, Kijaluo kinatumia “en” kwa wote wawili, na Kiluhya ni vivyo hivyo. Mtoto si mjinga, lugha zake tatu hazijawahi kumuuliza swali hilo. Muuza samaki akiwa ndiye mhusika wa sentensi tatu mfululizo, “she” italazimika kukaa.

Nikuonye jambo moja lililonipata. Mara ya kwanza kabisa niliwaambia waandike maneno yaliyosemwa nyumbani jioni hiyo. Nikaletewa, kwa usemi wa taarifa sanifu kabisa, ugomvi wa baba na mama kuhusu pesa za chama. Mzazi akalifungua daftari, akaja shuleni, na hakuja kunisalimia. Tangu siku hiyo nasema barabarani na sokoni tu, ya nyumbani yabaki nyumbani. Vivyo hivyo sitoi tena kazi ya “mweleze baba yako” au “likizo tuliyosafiri”. Kuna mtoto ambaye baba hayupo, na kuna ambaye safari yake ndefu ya likizo ilikuwa kupeleka ng'ombe mtoni. Kabla ya kutoa kazi, jiulize kama mtoto maskini kuliko wote darasani anayo malighafi yake. Akiwa hana, badilisha kazi.

Ya pili ni ramani. Hii itampendeza mwalimu mkuu, maana Karatasi ya Kwanza ya Kiingereza katika KCSE ina alama 20 za uandishi wa kiuamilifu, na maelekezo ni sehemu ya huo. Kila mwanafunzi aandike kwa Kiingereza, kwa sentensi zisizozidi nane, njia ya kutoka lango la shule hadi mlangoni kwao. Asichore chochote. Jumatatu wanabadilishana madaftari na mtu asiyetoka upande wao, na huyo ndiye anayechora ramani kwa kufuata maneno tu. Akipotea, mwandishi anarekebisha. Wewe unazunguka tu ukisikiliza mabishano. “Go straight until you see a big tree.” Mti upi? Huko kwenu ungeuliza jiwe lipi, maana Maragoli mawe makubwa ni mengi kuliko miti. Kuna kijana aliyeandika “turn left at the cow”. Mwenzake akamuuliza kama ng'ombe huyo anaishi hapo. Kijana alijitetea kwamba amefungwa hapo kila siku tangu mwaka jana, darasa likacheka hadi mwalimu wa jirani akachungulia. Lakini hakuna aliyesahau tena kwamba alama ya njia ni kitu kisichotembea.

Resipe nayo ni nzuri, ila itoe mwishoni mwa wiki wanapopika wenyewe au wanapomwona anayepika. Kwenu mrenda utafaa. Waambie wamwandikie mtu wa Norway ambaye hajawahi kuuona. Hapo ndipo kazi inapokuwa tamu: atasemaje “gorogoro”? Itabidi aeleze kwamba ni mkebe wa kilo mbili. Na ile chumvi ya kienyeji ya majivu? Itabidi atumie kishazi, “which is made from”, na hapo umepata kauli ya kutendwa bila kuitaja. Wavulana watalalamika kwamba hawapiki. Waache walalamike, kisha waende wakaulize.

Matamshi nayapitia haraka kwa sababu hayahitaji mengi. Sehemu ya stadi za mazungumzo katika Karatasi ya Kwanza ina alama 30, zaidi ya uandishi wa kiuamilifu wenyewe, na bado watu huiacha hadi Kidato cha Nne. Mpe kila mtu atunge sentensi moja ya kutatiza ulimi kwa sauti zinazotusumbua sisi. Wangu wengi wanapambana na “s” na “sh”, kwa hiyo naletewa vitu kama “She wished she had sold six fresh fish on the shore.” Wako nadhani watapambana zaidi na “b” na “p”, “g” na “k”. Sentensi moja, dakika tano, na wanaisoma kwa zamu wakiwa wamesimama.

Sasa hadithi, maana najua bado unataka ubunifu wenyewe. Wanafunzi wako wakienda Kakamega wanapita lile jiwe linalolia la Ilesi, kando ya barabara inayotoka Kisumu. Mwache kila mmoja aulize mtu mzima mmoja kwa nini jiwe linalia. Watapewa majibu tofauti, na tofauti hiyo ndiyo unayoitaka. Kisha aandike nusu ukurasa jiwe lenyewe likizungumza, “I”. Huku kwetu natumia Kit Mikayi kule Seme, jina lenye maana ya jiwe la mke wa kwanza. Inasimuliwa kwamba mzee mmoja alipenda kushinda kwenye jiwe hilo, mkewe akiulizwa aliko anajibu kwamba ameenda kwa mke wake wa kwanza. Wanafunzi wangu wanaandika shajara ya yule mke: kurasa mbili ndogo, Jumatatu na Alhamisi. Mmoja aliandika kwamba Alhamisi aliamua kumpelekea jiwe chakula, aone kama litakula. Sijawahi kusoma kitu kama hicho katika insha yoyote ya ndege wanaoimba. Fasihi simulizi inatahiniwa, shajara inatahiniwa, na insha ya kubuni katika Karatasi ya Tatu ina alama 20. Mwalimu mkuu akikuuliza, mwonyeshe: karatasi tatu ni 60, 80 na 60, jumla 200, na kila kazi niliyokutajia ina mahali pake humo. Zile sentensi za njiani zinaingia katika sarufi ya Karatasi ya Pili, alama 15, ambako wanaambiwa waandike upya sentensi kwa kufuata maagizo.

Taa. Kazi isizidi robo saa ya kuandika, na sehemu kubwa ifanyike kwa miguu na masikio wakati wa kwenda nyumbani, kungali na mwanga. Mimi nawaruhusu waandike hata mapema asubuhi kabla ya kengele, darasani au chini ya mti wako ule ule. Mtoto anayeandika alfajiri sentensi aliyoisikia jana hajanakili kitu.

Akili unde. Ni kweli simu inaweza kumtungia mtoto muuza samaki. Ndiyo maana Jumatatu nachukua watano bila kupanga, kila mmoja anasimama, anasoma, kisha namuuliza maswali mawili: alikuwa amekaa upande gani wa soko, alikuwa ameshika nini? Aliyeokota anajibu kabla sijamaliza kuuliza. Aliyetungiwa anaangalia dari. Simwadhibu, namwambia akaokote nyingine leo jioni aje nayo kesho. Baada ya wiki tatu hivi wanagundua kwamba kuokota ni rahisi kuliko kudanganya.

Na usahihishaji, ambao hukuuliza lakini najua unakuuma. Madaftari 58 kwa dakika nne kila moja ni dakika 232, karibu saa nne za Jumapili yako. Usifanye hivyo. Kila wiki natangaza kosa moja tu nitakalolitafuta: wiki hii “she” na “he”, wiki ijayo wakati uliopita, wiki inayofuata alama za kunukuu. Nachukua madaftari 15 nikisoma kosa hilo peke yake, mengine wanasahihishiana wakiwa na kalamu ya risasi. Wiki inayofuata nachukua 15 mengine. Kwa wiki nne kila mtu amepita mikononi mwangu. Kuna wazazi wanaopenda kuona daftari limejaa wino mwekundu, na mmoja aliwahi kuniuliza kama nafanya kazi. Nilimwonyesha ukurasa wa mwanawe wa Februari na wa Juni, akarudi zake.

Ijumaa hii anza na ramani, kwa sababu haihitaji usahihishe chochote na itawafanya wacheke. Sentensi za njiani ziache wiki ya pili, wakiwa wameshajua kwamba Jumatatu mtu anaweza kuambiwa asimame asome. Jiwe la Ilesi liweke karibu na mapumziko ya katikati ya muhula, wapate muda wa kuuliza wazee. Na kwenye ramani, waambie mapema kuhusu ng'ombe.