Yohana hakumwambia mtoza ushuru aache kazi

Ndugu, wapo wanaosema mtu hahesabiki anajiandaa kwa Majilio, yaani wiki nne za kujiandaa kwa Krismasi, mpaka afunge kibanda chake sokoni Mbuyuni. Hapana, Majilio hayadai hivyo. Soma Luka 3:10-14. Watoza ushuru walimuuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, akawajibu wasitoze zaidi ya kiwango walichopangiwa. Askari nao aliwakataza kumdhulumu mtu au kumsingizia, waridhike na mshahara wao. Hakuwaambia waache kazi, ila waifanye kwa haki. Na umati aliuambia mwenye nguo mbili ampe asiye nayo, na chakula vivyo hivyo.

Kwa hapa Moshi hilo linagusa kweli. Desemba watu wanarudi nyumbani kwa wingi, na konda anayedai nauli juu ya ile iliyopangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, yuko palepale pa mtoza ushuru. Akitoza nauli halali wiki hizi nne, naamini huo ni utume kamili, hata kama sala ya jumuiya ilimpita akiwa barabarani.

Ila sisi Wakatoliki somo hilo tunalisikia Dominika ya tatu ya Majilio mwaka C tu, yaani mara moja katika mzunguko wa masomo wa miaka mitatu, kama 15 Desemba 2024. Walutheri wa KKKT wana kalenda yao.