Maswali yenu: Kipozeo kipya, joto lile lile

Kaskazi imeingia na maswali ya joto yameingia nayo. Leo ni vipozeo vya kununua na kufunga mwenyewe, vya prosesa na vya kadi ya michoro. Mmeandika wengi, nimechukua yanayojirudia.

Kompyuta yangu inachemka sana na wakati mwingine inajizima. Ninunue kipozeo gani? (Dar es Salaam)

Prosesa gani? Kasha gani? Inachemka hadi nyuzi ngapi? Swali hili huja uchi hivi kila mwaka, sawa na kumpigia muuza viatu, ukamwambia "nipe kiatu", kisha ukakata simu.

Pakua HWiNFO, programu ya kusoma joto la kompyuta, ni ya bure. Iache wazi nusu saa huku unacheza gemu au unafanya kazi nzito, kisha uniandikie joto la juu la prosesa, joto la juu la GPU (chipu ya kadi ya michoro) na wati zinazotumika. Kabla hata ya hapo, fungua kasha. Usiridhike kufuta feni kwa juu. Ing'oe feni kutoka kwenye kipozeo, utakuta katikati yake na mapezi ya alumini kuna blanketi la vumbi ambalo kwa nje halionekani kabisa. Ukipuliza kwa blowa, zuia feni kwa kidole isizunguke, maana kuizungusha kwa kasi ya blowa kunaua beringi. Futa pesti iliyokauka, ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipozeo, paka mpya, washa, pima tena. Wengi wenu mkifika hapo mtaona kile kipozeo cha bure kilichokuja na prosesa kinatosha, na hela yenu mnabaki nayo.

Halafu kujizima si lazima kuwe joto. Prosesa ikipata moto hupunguza kasi kwanza. Kompyuta ikizima ghafla kama umeme umekatika, na HWiNFO ilikuwa inaonyesha nyuzi 70, mshitakiwa wako wa kwanza ni pawasapulai, kile kisanduku kinacholisha kompyuta umeme.

Nilikuwa nabadilisha kipozeo cha Ryzen 5 3600. Nilipokivuta, prosesa ilitoka nacho, imegandia chini. Nimeiharibu? (Arusha)

Pengine hapana, lakini usiguse kitu mpaka umalize kusoma.

Soketi ya AM4, ambayo ndiyo ya prosesa yako, inaishika prosesa kwa pini zake tu, hakuna fremu ya chuma juu yake. Pesti ikikaa miaka miwili mitatu inakuwa gundi. Ukivuta kipozeo wima, gundi inaishinda soketi, na pini 1,331 zinachomoka kwa mpigo ingawa kile kimkono cha soketi kimefungwa. Kosa ni la namna ya kuvuta, na nusu ya video za mafundi mnazoangalia zinavuta hivyo hivyo.

Sasa geuza kipozeo, prosesa itazame juu, uweke mezani. Pasha sehemu ya chuma kwa mashine ya kukaushia nywele dakika chache, kisha shika prosesa kwenye kingo zake, uizungushe kulia na kushoto taratibu mpaka iachie. Usiichokonoe kwa bisibisi. Kisha ilaze usawa wa jicho, mbele ya taa, ukague mistari ya pini upande mmoja baada ya mwingine. Iliyopinda utaiona imetoka kwenye mstari. Inyooshe kwa ncha ya penseli ya kubonyeza isiyo na risasi, kidogo kidogo, isirudi mbele na nyuma mara nyingi, maana itakatika. Inua kimkono cha soketi, linganisha pembetatu ya dhahabu na alama ya soketi, iachie prosesa ishuke kwa uzito wake. Ikikataa kushuka, bado kuna pini imepinda. Usiisukume.

Siku nyingine ichezeshe kompyuta kazi nzito dakika kumi ipate joto, izime, chomoa waya wa umeme, zungusha kipozeo kushoto na kulia kwanza, ndipo uinue. Na ukifungua zile skrubu nne za AM4, shika bamba la nyuma ya madabodi kwa mkono wa pili. Likidondoka ndani ya kasha huku madabodi imefungwa, utajuta. Usilitupe pia, vipozeo vingi vya AM4 vinalitumia lile lile.

Pesti imeisha, naweza kutumia dawa ya meno? (Dodoma)

Hapana. Inakauka siku chache, na mwakani mtaniuliza tena.

Nimenunua kipozeo cha Hyper 212 na mfuniko wa pembeni wa kasha haufungi. Niache kasha wazi? Si ndiyo itapoa zaidi? (Mwanza)

Hyper 212 EVO ina urefu wa milimita 159. Kila kasha lina kikomo chake cha urefu wa kipozeo, kimeandikwa kwenye ukurasa wa bidhaa, na hukukisoma. NH-D15 ya Noctua ni milimita 165, na kuna mtu kila mwezi anaibana kwenye kasha la ofisini.

Kuacha wazi kunaweza kupunguza nyuzi chache leo. Baada ya miezi miwili vumbi, unyoya wa paka na mende vitakurudisha ulikotoka, na feni za mbele zitakuwa zinapuliza hewa ambayo haipiti popote pa maana. Uza hicho kipozeo, tafuta kifupi. Au uza kasha.

Nina kadi ya michoro ya RX 580 ya mtumba. Feni zinapiga kelele na inafika nyuzi 85. Nataka kuondoa kipozeo chote niweke kikubwa, au nifunge feni za kawaida kwa vibanio vya plastiki. Kipi bora? (Nairobi)

Vibanio. Nitaeleza, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoua kadi nzima.

Ukibadilisha kipozeo chote cha GPU, akili yako yote inakuwa kwenye chipu ya katikati. Kumbe ile kadi ina vyanzo vitatu vya joto: chipu, kumbukumbu zinazoizunguka, na mosfeti za umeme zilizojipanga pembeni. Kipozeo cha kiwandani kinavigusa vyote kupitia pedi za joto. Vile vikubwa vya kununua, kama Accelero ya Arctic au Morpheus ya Raijintek, vinapoza chipu vizuri sana, kisha wewe unapewa vijichuma vya kubandika kwenye kumbukumbu na mosfeti. Gundi ikiachia, na kadi imelala imetazama chini, kijichuma kinaanguka. Chipu itaonyesha nyuzi 60 huku mosfeti zinaungua kimyakimya, na huenda kusiwe na kipimo cha kukuambia.

Jingine: prosesa ya kawaida ya mezani imevaa kifuniko cha chuma, GPU haijavaa. Ile nyeusi inayong'aa kama kioo ndiyo silikoni yenyewe. Ukikaza skrubu moja hadi mwisho kabla ya zingine, kona inameguka. Kaza kwa msalaba, mzunguko kidogo kila moja, na pesti ifunike uso wote.

Kwa hiyo: fungua kadi, badilisha pesti, pima unene wa pedi za zamani kabla ya kununua mpya. Pedi ya milimita 2 mahali pa milimita 1 itainua kipozeo kisiguse chipu, na utarudi hapa kuniuliza kwa nini joto limepanda. Rudisha chuma chake cha kiwandani. Kama kelele bado, toa plastiki na feni zake, fungia feni mbili za milimita 120 juu ya mapezi. Soketi ya feni kwenye kadi ni ndogo kuliko ya feni za kawaida, kwa hiyo nunua adapta, au chomeka kwenye madabodi uziendeshe kwa programu ya Fan Control, inayoweza kufuata joto la GPU. Hakikisha una nafasi chini ya kadi, feni hizo zina unene wa milimita 25.

Na kabla ya bisibisi yoyote, fungua programu ya MSI Afterburner ushushe kikomo cha nguvu cha kadi hadi asilimia 80. Ni bure, na fremu utakazopoteza huenda usizione. Nashangaa hakuna anayetaka kusikia ushauri usio na kitu cha kununua.

Kipozeo changu cha prosesa ya i5-6500 kitaingia kwenye i5-12400? (Kigoma)

Si bila vifungio vipya. Matundu ya soketi ya zamani yameachana milimita 75, ya LGA1700, soketi ya i5-12400, ni 78. Muulize mtengenezaji kama anauza vifungio vya LGA1700. Usitoboe chochote.

Ryzen 7 7700X yangu inafika nyuzi 95 hata baada ya kuweka kipozeo cha bei mbaya. Nimeibiwa? (Muscat)

Hapana. AMD waliipanga prosesa hiyo ipandishe kasi mpaka iguse nyuzi 95, na huko ndiko inakokaa kwenye kazi nzito. Kipozeo kizuri kinaipa kasi zaidi kwenye joto hilo hilo. Ukitaka ipoe, washa Eco Mode ya wati 65 kwenye BIOS, yaani mipangilio ya madabodi. Ila kama iko 95 ukiwa unasoma barua pepe, kipozeo hakijakaa sawa.

Hapa pwani joto kali, si bora kipozeo cha maji? (Mombasa)

Maji hayashindi hewa ya chumba. Chumba kikiwa nyuzi 32, radieta inapulizwa hewa ya nyuzi 32, sawa na chuma cha kawaida. Unachonunua ni eneo kubwa la kutolea joto, pamoja na pampu itakayokufa siku moja, na ikifa huuziwi pampu peke yake. Feni ya kipozeo cha hewa ikifa unanunua nyingine, unaendelea na kazi. Kama umeshanunua cha maji, basi sehemu ya juu ya radieta ikae juu kuliko pampu, hewa isikusanyike kwenye pampu.

Na yeyote anayetaka kukupakia metali ya majimaji mahali pa pesti, mkatalie. Ina galiamu, inakula alumini na inapitisha umeme.

Nina kompyuta ya Dell OptiPlex 9020 ya mtumba, nataka kuifungia kipozeo kizuri. (Morogoro)

Skrubu zake zimepangwa kwa namna ya Dell na waya wa feni una pini tano. Hata ukilazimisha, itakusimamisha kila ukiwasha ikikuambia feni ina hitilafu, ubonyeze F1. Badilisha pesti, safisha, iache.

Nimefunga kipozeo kipya leo. Prosesa inafika nyuzi 100 ndani ya dakika moja! (Tanga)

Kifungue, ukigeuze chini. Plastiki ya kukinga shaba bado ipo. Itoe, futa, paka upya.