Benki imerudisha ripoti ya uthamini: usiongeze kurasa, ongeza sababu

Ndugu, umeuliza kama urefushe ripoti yako ya uthamini wa nyumba ya Raskazone, Tanga, baada ya benki kuandika "maelezo hayatoshi". Kurasa zinaweza kubaki zilezile. Kinachokosekana ni sababu, na mahali pake ni pale penye tarakimu.

Viwango vya kimataifa vya uthamini havitaji idadi ya kurasa. Vinataka msomaji aone madhumuni, tarehe ya uthamini, msingi wa thamani (kwa mfano thamani ya soko), mbinu, takwimu ulizotumia, dhana (yale uliyoyachukulia kuwa kweli) na sababu kuu za hitimisho lako. Historia ya Tanga tangu enzi za Wajerumani haimsaidii afisa mikopo hata kidogo, ifute.

Anza na uchakavu, maana ndipo ripoti nyingi za nyumba za pwani zinapovuja. Tuseme jengo lina mita za mraba 140, na kulijenga upya ni sh 650,000 kwa mita ya mraba: jumla milioni 91. Ukiandika "uchakavu asilimia 25" ukanyamaza, umeondoa sh 22,750,000 bila sentensi hata moja. Andika ulichokiona: linta (boriti ya zege juu ya uwazi) ya baraza upande wa bahari imepasuka kwa urefu, nondo zimevimba kwa kutu ya chumvi, mabati yameliwa kwenye matundu ya misumari, ila kuta za ndani na sakafu ni nzima. Kisha igawe hiyo 25: paa ngapi, zege ngapi, umri ngapi. Sentensi nne zinatosha.

Kwenye mauzo linganishi, yaani mauzo ya mali zinazofanana na hii, kila moja lipewe tarehe, ukubwa, bei na chanzo, na useme kama ni bei iliyolipwa au ile anayoitaja dalali. Bei ya dalali si mauzo. Na ukilazimika kurekebisha kiwanja cha Pongwe kwa asilimia 40 ili kifanane na cha Raskazone, hicho si linganishi tena. Kiache. Kama hakuna kingine, liseme hilo waziwazi, kisha eleza kwa nini umeegemea mbinu ya gharama, yaani gharama ya kujenga upya ukitoa uchakavu.

Thamani ya kuuza kwa haraka nayo isiwe punguzo la robo lililonakiliwa kutoka ripoti ya zamani: taja muda wa kuuza uliodhania.

Kabla hujairudisha benki, mpe mthamini mwenzako ripoti peke yake, bila faili lako la kazi. Kila atakapouliza "hii umeitoa wapi?", weka alama, hapo ndipo pa kuandika.