Mfadhili kajitoa, stoo inavuja, mwanzilishi anaumwa: maswali yenu na majibu yangu

Barua za safari hii nyingi zimetoka kwa watu wa vikundi vya sanaa, wale wasiogawana faida: taarab, ngoma, maigizo. Nimekuwa mweka hazina wa vikundi vitatu kwa nyakati tofauti, kwa hiyo najibu kama mtu wa daftari. Kuimba sijui.

*Shikamoo. Karibu asilimia 80 ya bajeti yetu inatoka kwa shirika moja la Ulaya. Wametuandikia kwamba mkataba ukiisha Desemba hawataongeza mwingine. Tamasha letu ni Machi. Tufanye au tusifanye?* (Katibu, Tanga)

Marahaba. Liache tamasha kwanza, uandike namba moja: kwa mwezi mnahitaji shilingi ngapi ili mlango wa ofisi ubaki wazi tu? Kodi ya pango, umeme, mlinzi, posho ya mtu mmoja. Kisha tazama fedha zilizoko benki ambazo hazina masharti, uzigawe kwa namba hiyo. Ukipata miwili, mna miezi miwili ya kuishi, na hesabu ya Machi ianzie hapo. Nasema zisizo na masharti kwa sababu fedha za mradi zilizobaki si zenu. Mkizilipia pango, mkaguzi atawakuta, na mfadhili ajaye atasoma ripoti yake.

Sasa tamasha. Sauti za Busara, lile la Ngome Kongwe Zanzibar lililoanza 2004, lilipitia jambo hili hili. Fedha za mwaka 2016 hazikutimia, waandaaji wakatangaza mapema kwamba mwaka huo halitakuwapo. Tulioizoea Februari ya Unguja tulinung'unika sana. Mwaka 2017 likarudi. Halafu ikaja korona, na 2021 wakafanya siku mbili badala ya nne walizozoea. Kwa hiyo mna njia ya tatu mbali na hizo mbili ulizoniuliza. Mimi nawaogopea zaidi ile ya kulifanya zima zima kwa ahadi za mdomo, msanii akamaliza kazi akaanza kuzungushwa "njoo Jumatatu". Jina likishachafuka hivyo vijiweni, hata fedha zikija baadaye wasanii wazuri hawaji.

Pangeni tarehe, tuseme 15 Oktoba. Siku hiyo fedha zilizoingia benki zikiwa chini ya nusu ya bajeti ya tamasha, linakuwa la usiku mmoja. Zikiwa chini ya robo, Machi halipo. Liandikeni kwenye muhtasari wa kikao sasa hivi, kabla hamjachapisha mabango. Mabango yakishatoka hakuna anayekubali kushindwa.

*Ruzuku yetu ni ya dola na matumizi yote ni ya shilingi. Mwaka juzi tulipungukiwa ingawa hakuna aliyeiba. Mwenyekiti bado ananitazama vibaya.* (Mhasibu, Dar es Salaam)

Pole. Mwonyeshe hesabu hii. Mwishoni mwa 2024 shilingi ya Tanzania ilipanda thamani ghafla: dola iliyokuwa ikibadilishwa kwa zaidi ya shilingi 2,600 ilishuka chini ya 2,500 ndani ya wiki chache. Chukua ruzuku ya dola 20,000. Ukiipangia bajeti kwa 2,700 ni milioni 54. Ikiingia dola ikiwa 2,400 ni milioni 48. Milioni sita zimeyeyuka na mwizi hayupo. Tumezoea shilingi kushuka, ndiyo maana wengi hupanga bajeti kama vile haiwezi kupanda. Pangeni kwa kiwango cha chini kuliko cha siku ya kusaini, na mwombe mfadhili akubali kwenye mkataba kwamba tofauti ya fedha za kigeni itajadiliwa. Baadhi hukubali wakiulizwa kabla ya kusaini.

*Mwanzilishi wetu ni mzee na anaumwa. Nywila zote, mihuri, hata namba za wafadhili anazo yeye. Tunaona haya kumwomba, ataona tunamzika mapema.* (Kijana wa kikundi cha maigizo, Morogoro)

Haya hiyo naijua, na iliniponza. Kikundi kimoja nilichohudumu kilikuwa na watia saini wawili benki, mwenyekiti na mimi, na lazima wote wawili wasaini. Mwenyekiti akafariki. Benki ikataka muhtasari wa kikao kilichomteua mtia saini mpya, jambo la haki kabisa. Katiba yetu ilisema kikao huitishwa na mwenyekiti. Hakukuwa na makamu. Tulikaa karibu miezi mitatu fedha tunaziona kwenye taarifa ya benki na wacheza ngoma hawana nauli.

Msimwendee na karatasi za kusaini. Nendeni wawili watatu anaowapenda, mmwombe awafundishe: "Mzee, tunataka kujifunza kazi yako." Mkae siku kadhaa, mwandike kila kitu kwenye daftari moja litakalofungiwa mahali wanapopajua watu wawili. Kisha rekebisheni katiba: awepo makamu mwenyekiti, watia saini watatu ambao wowote wawili wanatosha, na wanachama wa idadi fulani waweze kuitisha kikao. Mabadiliko ya viongozi yapelekeni kwa msajili wenu. Wengi hupasahau hapo, na barua za serikali zinaendelea kwenda kwa marehemu.

*Stoo yetu inavuja. Tuna ngoma, mavazi, na kanda za miaka ya sabini. Bima inafaa?* (Bagamoyo)

Wewe wa Bagamoyo hunihitaji mimi kukueleza habari za moto. Ukumbi wa maonyesho wa chuo cha sanaa, TaSUBa ya leo, uliungua 2002. Bima inafaa kwa spika na ngoma, ila bila orodha yenye picha na risiti utabishana nao mpaka uchoke. Anza na orodha. Inueni vitu kwenye chaga za mbao, zibeni paa kabla ya masika. Kanda ni habari nyingine, kwa sababu hakuna bima itakayokurudishia sauti. Zinakilini kidijitali, nakala moja ikae nyumba nyingine, mtaa mwingine. Nimeona kikundi kilichoweka diski ya nakala juu ya kabati lile lile lenye kanda.

*Tukope milioni 15 tununue spika na taa zetu? Tuna maonyesho manane kwa mwaka, kukodi ni laki nne kila onyesho.* (Arusha)

Laki nne mara nane ni milioni 3.2. Kabla ya riba, fundi na lori la kubebea, mtahitaji karibu miaka mitano kuirudisha hiyo 15. Endeleeni kukodi. Upo Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaotoa mikopo kwa wasanii, lakini nao ni mkopo. Siku maonyesho yakifika ishirini kwa mwaka, niandikie tena, na uniambie pia dhamana ataweka nani.