Jibini ya Majani kwa Wageni: Maswali Yenu na Majibu

Tangu nilipogusia hapa jibini laini inayochanganywa na majani yenye harufu nzuri, ile inayopakwa juu ya mkate au chapati wageni wakingojea chakula kikuu, maswali yamekuwa yakifika kutoka Nakuru hadi Busia. Nimechagua machache ambayo majibu yake yatawafaa wengi.

Habari mama. Tunafuga ng'ombe wawili hapa Njoro, na Jumamosi ijayo tunawapokea wakwe. Ningependa kuwatengenezea jibini hiyo, lakini sina dawa ya kugandishia maziwa wala mashine yoyote. Je, itawezekana?

Itawezekana, mwanangu, na maziwa yako ya Njoro ndiyo hasa yanayofaa. Dawa ya kugandishia inahitajika kwa jibini ngumu zinazowekwa miezi mingi. Hii yetu hugandishwa na ndimu au siki peke yake.

Chukua lita 2 za maziwa yasiyotolewa malai, uyaweke katika sufuria yenye kitako kizito, uyachemshe kwa moto wa wastani huku ukikoroga kwa mwiko unaofika chini kabisa, kwa maana yakishika kitakoni, harufu ya kuungua itaingia katika jibini na hakuna jani litakaloifunika. Yaache yachemke kweli hadi yapande. Maziwa mabichi huweza kubeba viini vya bruselosi na maradhi mengine, kwa hiyo usikubali kuyaishia katika uvuguvugu hata kama ng'ombe unamjua tangu alipozaliwa. Yakishapanda, zima moto, ngoja dakika 2, kisha utie vijiko 6 vikubwa vya maji ya ndimu, kimoja baada ya kingine, ukikoroga taratibu sana.

Hapo simama utazame. Maziwa yatakatika, mabonge meupe yataelea, na maji yaliyo kati yake yatageuka kuwa maangavu yenye rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani kibichi. Maji hayo yakiwa bado meupe kama maziwa, kazi haijakamilika. Ongeza kijiko kimoja cha ndimu, ungoje kidogo. Yakishakuwa maangavu usiongeze hata tone, kwa sababu ndimu ikizidi jibini itakuwa chachu na ngumu. Funika dakika 10, kisha umimine vyote katika kitambaa safi cha pamba kilichotandikwa juu ya kichungi. Funga pembe nne za kitambaa, ukitundike juu ya bakuli kwa saa moja na nusu hivi.

Utapata gramu 300 hadi 400. Iponde kwa uma ikiwa bado na ujoto kidogo, tia kijiko kidogo kimoja cha chumvi na vijiko 2 vya malai, uendelee kuponda mpaka ilainike. Ikishapoa kabisa ndipo uchanganye majani, kwa kuwa yakikutana na joto hunyauka na kuwa meusi. Itengeneze Ijumaa jioni na kuiweka katika friji usiku kucha, kwa sababu chumvi na majani huhitaji saa kadhaa kuingia ndani. Ukiionja mara tu baada ya kuichanganya utaiona baridi na bubu, na utashawishika kuongeza chumvi ambayo kesho yake utaijutia.

Nilijaribu kwa kufuata maelezo yote, lakini nilipoipeleka mezani ilikuwa imezungukwa na maji ya kijani. Nilikosea wapi? (Milimani, Kisumu)

Ulikosea katika majani, si katika maziwa. Nasema hivi kwa hakika kwa sababu jambo hilo lilinipata mwenyewe nilipokuwa nikianza: niliosha dania, nikaikung'uta mara mbili, nikaikatakata ikiwa bado na matone, na wageni walipoketi, sahani nzuri niliyoiandaa ilikuwa na dimbwi pembeni. Chumvi huvuta maji kutoka katika kila kitu chenye unyevu. Osha majani saa mbili kabla, uyatandaze juu ya taulo safi, uyapindue mpaka yakauke kabisa yanapoguswa, ndipo uyakate kwa kisu kikali. Kisu butu huyaponda, na jani lililopondwa hutoa maji yake yote. Tango na nyanya visiingie ndani ya jibini kamwe, viwekwe pembeni.

Ni majani gani nitumie, nami niko Bungoma ambako sioni yale yanayotajwa katika vitabu vya mapishi?

Tumia yaliyo sokoni kwako. Dania na majani ya vitunguu yako katika kila soko, na hayo mawili pamoja na punje moja ya kitunguu saumu iliyosagwa na pilipili manga kidogo yanatosha kabisa. Kwa gramu 350 za jibini, weka vijiko 3 vikubwa vya majani yaliyokatwa. Rozmeri, ambayo katika nyumba nyingi za Nakuru imepandwa kama ua tu bila mtu kukumbuka kwamba ni kiungo, ina nguvu sana: kijiko kidogo kimoja, kilichokatwa mpaka kikawa kama vumbi. Mnanaa ni mzuri ukiwa peke yake, bila kitunguu saumu. Ukipata majani makavu ya pakiti, theluthi moja ya kipimo cha mabichi inatosha.

Tena wewe wa Bungoma una kitu ambacho wengi wangekitamani, nacho ni simsim. Ikaange kavu katika kikaango mpaka ianze kurukaruka na kunukia, iache ipoe, kisha uviringishe jibini kuwa donge moja kubwa na kulibingirisha ndani yake. Ila uwaulize wageni mapema kama kuna anayedhuriwa na simsim au njugu.

Je, naweza kutumia mala badala ya kuchemsha maziwa? Na mursik?

Mala, yaani maziwa ya kuchachuka, inafaa sana, na ndiyo njia rahisi kuliko zote. Mimina lita moja katika kitambaa kilichokunjwa mara mbili, uitundike ndani ya friji kwa saa 12. Kitakachobaki kitakuwa laini kama siagi, chenye uchachu wa kupendeza, nacho hupakika vizuri kuliko jibini ya ndimu. Chagua mala isiyotiwa sukari, na usome pakiti, kwa kuwa iliyotiwa wanga au jelatini haichujiki.

Mursik, maziwa ya Wakalenjin yanayochachushwa katika kibuyu, ni jambo jingine. Moshi na mkaa wa kibuyu huipa ladha yake na ile rangi ya kijivu, na hiyo ni heshima yake, si kasoro. Ukiichuja, weka majani ya vitunguu tu na chumvi. Ukiirundikia dania na kitunguu saumu utaua kile ambacho Wakalenjin wamekitunza kwa vizazi vingi, nami ningesikitika.

Sina friji, na Kisumu hapa joto ni kali. Nifanyeje?

Itengeneze siku ileile, ukipanga muda kutoka saa ya kula kurudi nyuma: wageni wakifika saa kumi na mbili jioni, chemsha maziwa saa tisa. Kata majani mwisho kabisa. Jibini isikae mezani zaidi ya saa mbili, na siku ambayo joto limepita nyuzi 32, isizidi saa moja. Ukiweza kupata sanduku la barafu, iweke humo katika chombo kilichofunikwa vizuri, utoe nusu kwanza, na nusu ya pili baadaye. Itakayobaki mezani baada ya muda huo usiitunze.

Friji ninayo. Itakaa siku ngapi?

Siku 3, au 4 ikiwa friji ni baridi sawasawa. Usiifunike kwa mafuta yenye kitunguu saumu kibichi ukaiacha kabatini, hata ukiona picha zake zinavutia, kwa sababu ndani ya mafuta yasiyo na hewa kitunguu saumu kibichi huweza kuzalisha sumu ya botulini, ambayo haina harufu.

Wageni 12, niandae kiasi gani, na niiandalie nini?

Lita 2 za maziwa zitawatosha, kila mmoja akipata kama gramu 30, maana hiki ni kitangulizi na chakula kinafuata. Itoe katika friji dakika 20 kabla ili ilainike. Wengi hukimbilia biskuti za chumvi, lakini mimi hupenda vipande vya nduma iliyochemshwa na kupoa, vilivyokatwa unene wa kidole. Utamu wake mpole hupokea chumvi ya jibini vizuri sana. Karoti mbichi, chapati iliyokatwa pembetatu na kupashwa mpaka ikakauka kidogo, na mkate wa kubanika pia vinafaa.

Yale maji yanayobaki huwa unayamwaga?

Hapana. Kandia unga wa chapati badala ya maji ya kawaida, ukipunguza chumvi kidogo. Unga hulainika na chapati hupata rangi nzuri ya kahawia, nazo ndizo nitakazokata pembetatu za jibini hiyohiyo.