Maswali ya Wasomaji: Ukurasa wa ramani unaomaliza kumbukumbu ya simu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mwenzangu tunatengeneza programu ya Android ya kufuatilia pikipiki zinazosafirisha mizigo. Dereva akifungua na kufunga ukurasa wa ramani mara nyingi, programu inakuwa nzito, kisha inajifunga kwa kosa la OutOfMemoryError. Mwenzangu anataka tuwashe largeHeap ili tupate kumbukumbu zaidi. Je, yuko sahihi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, hatua hiyo itaahirisha tatizo tu. Dalili ulizozieleza ni za uvujaji wa kumbukumbu, yaani vitu visivyohitajika tena kuendelea kuikalia, lakini zithibitisheni kabla ya kugusa msimbo, kwa sababu matumizi ya kumbukumbu hupanda na kushuka hata katika programu isiyo na tatizo.

Fungueni ramani na kurudi nyuma mara kumi hivi, bonyezeni alama ya pipa la taka katika Profiler (chombo cha kupima matumizi ya kumbukumbu) ya Android Studio ili vitu visivyotumika viondolewe, kisha andikeni kwenye terminal amri ya adb shell dumpsys meminfo pamoja na jina la kifurushi cha programu yenu. Katika sehemu ya Objects tazameni idadi ya Activities (kurasa za programu): ikiwa inaongezeka kila mnaporudia zoezi hilo, ilhali ukurasa ulio wazi ni mmoja, basi kurasa zilizofungwa bado zimeshikiliwa na kitu fulani.

Kumtambua anayezishikilia ndiyo kazi yenyewe, na hapo ningetumia LeakCanary, maktaba iliyotolewa na Square mwaka 2015, ambayo huongezwa kwa mstari mmoja wa debugImplementation. Baada ya onDestroy, hatua ya ukurasa kufungwa kabisa, husubiri sekunde 5, na ikiona ukurasa haujaondoka huuhesabu kuwa umebaki. Wengi hukata tamaa hapa wakidhani haifanyi kazi, kumbe programu ikiwa mbele ya mtumiaji husubiri vibaki vifike 5 ndipo ipige picha ya kumbukumbu (heap dump), yaani orodha ya vyote vilivyomo. Mkibonyeza kitufe cha nyumbani, kimoja kinatosha. Ripoti yake huonyesha mnyororo mzima wa marejeo (nani anamshikilia nani) hadi kwenye Activity, na marejeo yanayoshukiwa hupigiwa mstari wa mawimbi.

Kwa programu ya ramani, mshukiwa wangu wa kwanza ni msikilizaji wa mahali: ukurasa umejiandikisha kwa requestLocationUpdates ndani ya onStart (ukurasa unapoonekana), lakini hakuna removeUpdates ndani ya onStop (unapoacha kuonekana), kwa hiyo huduma ya mahali inaendelea kuushikilia pamoja na ramani yake yote. Wa pili ni kitu cha pamoja kinachoishi muda wote wa programu na kilichopewa Activity kama Context (kiungo cha kufikia rasilimali za mfumo). Kipeni getApplicationContext, Context ya programu yote, badala yake.

Mkisharekebisha, rudieni zoezi lile lile. Ikiwa Activities haziongezeki tena lakini Native Heap (kumbukumbu iliyo nje ya ile ya Java) inazidi kukua, chunguzeni picha mnazopakia, kwa kuwa tangu Android 8.0 pikseli za Bitmap huhifadhiwa huko.